Matanga ya Walio Hai

Kimisagara, Kigali
9 Februari 2025

Shangazi Kankindi, shikamoo,

Ni mimi Mutesi, binti wa kaka yako Kabera. Usishtuke, na usiitupe barua jikoni kabla hujaimaliza, maana nakujua. Huku mimi mzima. Mvua imelifanya bonde letu tope tupu. Kwenye karakana ya Natacha, ninaposhona mapazia, tunavua viatu mlangoni na bado sakafu inachafuka. Mbuzi wako wanaendeleaje? Goti je? Ntare ameshapata mtoto, au mkewe bado anasubiri?

Kwa kuwa dini yenu ya Kusanyiko bado haijawaruhusu simu, barua hii nimempa Bayingana, kondakta wa basi la Rusumo. Nilimsubiri kituoni Nyabugogo katikati ya makelele na magunia mpaka kuli mmoja akaniuliza mimi ni mzigo wa nani. Ameahidi kumtafuta dereva wa kuivusha hadi kwa Leila, yule wa duka la khanga hapo Benako. Leila si mtu wa Kusanyiko, hatakusema.

Sasa nije kwenye lenyewe. Nilisikia kwamba mlinililia. Mwenzangu mmoja aliyetoka baada yangu alinihadithia yote: baba aliwakusanya watu nyumbani mwaka jana, mkakaa matanga kwa ajili yangu, mkaanua, na Mzee Mlinzi akatangaza kwamba jina langu lisitamkwe tena. Wewe ulivuka mpaka kuja msibani kwangu! Na mimi siku hiyo nilikuwa upande wa pili wa mji huuhuu, nakula chapati na maharage. Nilipohadithiwa nilicheka. Halafu niliumia, Shangazi, niliumia sana.

Kosa langu unalijua. Niliimba wimbo wa redio nikiosha vyombo, nikasimamishwa mbele ya watu wote niungame, nikajikuta sina cha kuungama. Nikatoka mlangoni. Sikufa. Nilitoka tu.

Kuna kijana anaitwa Achille anataka kunioa, na mimi nataka. Wazee wake wanakusudia kwenda kwa baba kushika irembo, yaani kubisha hodi langoni kwa heshima kama desturi, kisha ifuate gusaba, posa yenyewe mbele ya watu. Na binti siku hiyo hatolewi nje na rafiki, anatolewa na shangazi yake. Nakuomba uzungumze na kaka yako. Akikataa, uje wewe.

Mwanao,
Mutesi


Benako, Ngara
30 Machi 2025

Kwako wewe unayekaa Kimisagara,

Salamu zimefika. Leila aliiweka barua katikati ya khanga, nimeisoma shambani. Mbuzi wamezaa, mmoja mapacha. Goti linanisumbua nikipanda, nikishuka halina neno. Ntare amepata mtoto wa kike, analia usiku na mchana, ana sauti ya Kabera.

Unaniomba nizungumze na kaka yangu. Sheria unaijua, umelelewa nayo. Aliyetoka hatajwi, halishwi, haandikiwi. Sasa mimi hapa naandika, basi usiniombe zaidi. Wasiende watu kwa baba yako. Hatawatukana, yeye si mtu wa matusi, lakini watajibiwa neno ambalo hawatalipenda.

Unasema ulicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nilinyoa nywele kama tunavyonyoa tukifiwa. Zimeota tena, ila zimeota nyeupe. Mengine sitayasema.

Huyo kijana ni wa dini gani? Anakunywa? Na wewe unakula? Ulikuwa na tabia ya kususa chakula ukikasirika, ukabaki mifupa. Usijibu barua hii.

Kankindi


Kimisagara
21 Aprili 2025

Shangazi yangu, shikamoo,

Umesema nisijibu, basi najibu. Hongera kwa mjukuu! Mwambie Ntare kwamba hata kama mimi ni marehemu, zawadi ya mtoto ninayo. Nimemshonea kiblanketi, Leila atasema ni chake.

Nakula. Nimenenepa mpaka Natacha amenipanulia sketi. Achille ni Mkatoliki, mzaliwa wa Burundi, fundi wa vigae. Anakunywa bia moja na macho yanamwiva, hana hatari. Jana ilikuwa Pasaka, nikaenda nao kanisani kwao. Mama yake anataka nibatizwe kabla ya ndoa. Nimemwambia polepole, mama, tutaanza na gusaba na kuandikishwa serikalini, hayo mengine yatakuja au hayatakuja. Sikutoka zizi moja ili nikimbilie jingine. Alinuna, kisha akanipakulia wali.

Utaniuliza basi naamini nini. Nimejiuliza sana, tena kwa hofu. Mwaka wa kwanza sikuamini chochote, na niliona raha kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Halafu siku moja, niko kwenye cherehani, nikajisikia naomba. Sikufunika kichwa, sikupiga magoti, miguu yangu inakanyaga cherehani tu. Nilikuwa nashukuru kwa kitambaa kizuri cha kijani. Nikangoja nihukumiwe. Hakuna kilichotokea, Shangazi! Tangu siku hiyo nasema na Mungu hivyohivyo, na sidhani kama anatuvizia tukosee. Jumamosi jioni, kwenye kituo cha vijana, najifunza kucheza ngoma za kwetu, mikono juu kama pembe za ng'ombe, mimi niliyefundishwa kwamba hata kutikisa bega ni dhambi. Nafurahi mpaka naona haya.

Lakini sitakudanganya. Radi ikipiga bado naingia chini ya meza. Natacha ananicheka. Kichwa kimetoka Kusanyiko, mwili bado uko huko.

Wiki iliyopita nilishuka kituo cha Sonatubes nikaenda pale sokoni kwenye meza ya mama. Nikasema, "Mama, naomba maparachichi." Hakuniangalia. Alinichagulia, akayabonyeza moja moja kama anavyofanya, akapokea hela bila kugusa mkono wangu. Nilipofika nyumbani nikakuta kaniongezea moja, kubwa kuliko yote. Sikuweza kulila. Limeozea dirishani.

Umenyoa nywele, halafu unaniambia mengine huyasemi! Nani ananyoa kwa ajili ya mtu asiyempenda? Wazee wa Achille watakwenda kwa baba mwezi ujao. Wao nimewaambia tu kwamba wazazi wangu ni watu wa dini kali. Najua, najua. Usinigombeze.

Mutesi


Benako
18 Mei 2025

Kwako,

Wazuie hao wazee. Waambie ukweli wote leo hii kabla hawajavaa viatu. Kama unaona aibu, mwambie Achille peke yake. Kiblanketi kimefika, mtoto analalia.

K.


Kimisagara
8 Juni 2025

Shangazi, shikamoo,

Barua yako imenifikia wazee wakiwa wameshakwenda na kurudi. Bayingana aliugua malaria, ikalala mfukoni mwake. Sasa hajambo, anakusalimu, anasema anakufahamu kuliko shangazi zake mwenyewe.

Kaa chini nikueleze. Msemaji wa ukoo wa Achille ni baba yake mkubwa, Jean-Paul, mzee aliyekulia Buyenzi kule Bujumbura. Mdomo wake ni mali, anaazimwa kwenye posa za watu. Walikwenda watatu, suti zimenyooshwa, wakapewa viti, Jean-Paul akamwaga maneno yake matamu. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Binti mnayemtaka alikufa. Tulimlilia, tukaanua matanga."

Sasa wewe unazijua posa zetu. Upande wa binti lazima usumbue: mara msichana kaolewa, mara yuko Ulaya anasoma, mara hatujui mnamtaja nani. Asiyesumbua anaonekana kamtoa binti yake bure. Basi wazee wale walicheka, wakapigiana mikono! Hawajawahi kukutana na mzee aliyethubutu kumuua binti kabisa. Jean-Paul akasimama, akajibu, "Mzee wangu, poleni kwa msiba. Lakini ukoo wetu tunajua kufufua. Tutajieni tu ng'ombe wa ufufuo ni wangapi."

Baba akasema hafanyi mzaha. Wakapiga makofi. Baba akawaeleza walipokaa wanawake, walipokaa wanaume, nani aliomba, nani alizimia. Wakazidi kumsifu. Jean-Paul akatoa neno lake la mwisho: "Kama alikufa, mbona sisi tunaye kila Jumapili? Anatupikia isombe yenye chumvi hadi tunalia, na akicheka majirani wanafunga madirisha."

Hapo mama akauliza kutoka nyuma ya pazia, "Anacheka?"

Neno hilo tu. Baba akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Wazee wakaona mama ndiye kafungua irembo. Walirudi kwa Achille wanaimba ndani ya teksi. Jean-Paul akanishika mabega, "Mkwe, baba yako ni fundi! Hata jicho halikumtikisika!" Mimi nikaanza kulia, wakadhani ni furaha, mama mkwe akaleta Fanta. Ikabidi niwaambie palepale, mbele ya chupa.

Jean-Paul aliketi, akasema, "Yesu wangu. Nimemchekea mtu msiba wa mwanawe." Alirudi kwa baba peke yake kesho yake kuomba radhi, hakufunguliwa. Achille alitoka nje, akarudi macho mekundu, na safari hii si kwa bia. Hakuniuliza kwa nini baba alisema vile. Aliniuliza kwa nini nilimficha. Ni aibu, Shangazi. Nani anataka kumwambia mchumba wake, "Mama yangu aliyenizaa amekubali nife"?

Wamekaa kikao. Achille bado ananitaka, Mungu ambariki. Bayingana amejitolea kuwa msemaji wa upande wangu, maana amezoea kubishana na abiria, na Natacha ametoa ua wake. Lakini wazee wa Achille wamesema jambo moja na siwezi kuwalaumu: apatikane mtu mmoja wa damu yangu wa kunitoa. Hata mmoja. Wao si wezi, hawachukui binti asiyetolewa na mtu.

Huyo mmoja ni wewe tu. Ni tarehe 23 Agosti. Nakuomba, Shangazi. Nakuomba kana kwamba nimepiga magoti.

Mutesi


Benako
20 Julai 2025

Kwako,

Salamu. Tumevuna maharage, si mabaya. Mbuzi mapacha mmoja amekufa. Mtoto wa Ntare ameota meno.

Mzee Mlinzi alikuja hapa. Alikula vizuri, akaniuliza kama ninawaandikia wafu. Nikamwambia mkono wangu mzito siku hizi. Ntare alikuwa amekaa palepale, akaangalia chini. Ameona kiblanketi, si mjinga.

Sikia. Mimi nina umri wa kuzikwa. Mume wangu amelala kwenye viwanja vya Kusanyiko na nafasi yangu iko pembeni yake. Nikija huko, nafasi hiyo sina. Ntare ndiye anayenilimia, mkewe ndiye anayenichotea maji, na mtoto yule analala mgongoni kwangu. Nikija huko, wote hao sina. Usinisubiri. Usiweke kiti changu.

Atakayekaa mahali pangu mwambie hivi. Akuamshe mapema, akupake siagi miguuni na mikononi kabla hujavaa umushanana, maana vitambaa vya siku hizi vinakwaruza. Fundo la bega alifunge mwenyewe, asimwachie msichana. Mkitoka, asikushike mkono, akushike kiwiko, ili watu waone unatembea mwenyewe. Usiangalie chini sana, utafikiriwa unaumwa. Na akuulize sikioni, kabla hamjavuka mlango, kama kweli unamtaka. Ukisema hapana akurudishe ndani, hata kama ng'ombe wameshafika. Hiyo ndiyo kazi yake, mengine ni mapambo.

Nimechoka sasa.

Kankindi


Kimisagara
3 Agosti 2025

Shangazi, shikamoo,

Nimesoma. Nimeelewa yote, hata yale ya mume wako, na sikulaumu. Wallahi sikulaumu, kama anavyosema Leila. Nimewaambia akina Achille kwamba huenda hatakuwepo mtu. Jean-Paul amesema tungojee siku yenyewe.

Lakini maelekezo yako sitampa mtu mwingine. Kaa nayo.

Mutesi


Benako
14 Septemba 2025

Mutesi mwanangu, na mume wako Achille, hamjambo?

Nilifika salama. Bayingana alinishusha Rusumo kama yai, akagombana na watu wa mpakani kwa ajili ya kikapu changu. Msemaji gani yule! Alipowaambia wazee wa Achille kwamba basi limejaa na binti hana nafasi ya kutoka, nilidhani Jean-Paul atazimia kwa kucheka. Na mimi nilicheka. Nilicheka mdomo wazi mbele ya wanaume, meno yote niliyobakiza yakaonekana, wala paa la Natacha halikutuangukia. Goti halikuniuma nilipocheza. Liliuma kesho yake.

Uliniuliza asubuhi ile, nikikupaka siagi, kwa nini nimekuja. Nikakwambia nyamaza, utaharibu uso. Sasa nakujibu. Nilipokuandikia namna ya kufunga fundo la bega, nilijiona mwenyewe nakufunga. Kila siku nikipika, nikichambua maharage, mikono inafunga fundo. Nikaona mwili umeshaamua, mimi nabishana bure. Hilo ndilo nililonalo badala ya imani kwa sasa. Bado naomba, na kichwa nafunika, nimezoea. Lakini Mungu wa kuniambia mtoto huyu amekufa, wakati nimemshika kiwiko na kina joto, huyo simjui tena.

Nikueleze nilivyofika. Nilishuka Benako mchana, nikapanda nyumbani polepole. Uani kwangu nikaona mabenchi ya Kusanyiko, yale tunayobeba penye msiba. Nikadhani ni mjukuu. Nikakimbia na goti hilihili, nikamshika mwanamke wa kwanza, "Nani? Nani amefariki?" Akaangalia kando. Nikamuuliza wa pili, akajifunika khanga. Nikamwona mke wa Ntare na mtoto mgongoni, mzima, ananyonya kidole. Ndipo nikaelewa.

Ningekwenda wapi? Ua ni wangu. Nikakaa nyuma yao, juu ya kinu, nikasikiliza msiba wangu. Walinisifu, Mutesi! Wakasema maharage yangu, wakasema wagonjwa niliowauguza, wakasema hata mambo ambayo sikufanya. Mke wa Ntare aligawa uji, akanipita. Nililia pamoja nao, nilikuwa na haki kuliko wote.

Kisha Ntare akasimama. Mwanangu huyu, tangu abalehe, hajawahi kuniambia neno laini, si kwa ubaya, ndivyo tulivyowalea. Akasema alikuwa na mama aliyempenda kuliko watu wote chini ya jua, na kwamba hajui ataanzaje asubuhi bila sauti yake. Alikuwa amenipa kisogo. Nikasema kwa nguvu, kila mtu akasikia, "Niko hapa, baba. Na mimi nakupenda." Hakugeuka. Lakini maneno yalimkatika, akasimama vile, mabega yanamtetemeka, mpaka Mzee Mlinzi akamkalisha.

Wameshaanua. Nalima mwenyewe, maji ananichotea binti wa Leila. Usiku nyumba ni kimya, nachukia kimya hicho, sitakudanganya. Uliniambia nikiondoka kwamba chumba kipo na Achille ameshaweka vigae. Mwambie asante, ni kijana mwema. Lakini sitakuja, si sasa. Ntare anapita hapa kila jioni na ng'ombe, shingo ameikaza, haangalii. Mimi natoa kiti nje, nakaa. Siku atakapogeuka, asikute mlango mtupu.

Shangazi yako,
Kankindi